Madoa Yanayorudi Saa Sita

Nilikuwa nimeshamaliza milango, sasa nimeinamia boneti, kitambaa chenye siki na maji kimelala juu ya doa. Doa la maji halitaki kusuguliwa. Unalilazia kitambaa, unavuta pumzi chache, unafuta bila kukandamiza, kisha unasuuza kabla siki haijaanza kula rangi. Ukigusa bati ukakuta lina joto, unaacha.

"Yanatoka, fundi?" aliuliza mjane, mwenye gari, akiwa kizingitini.

"Yanatoka, dada. Ila haya ni mapya. Juzi niliacha boneti safi kabisa. Mtu amelimwagia gari maji ya kisima, yakakaukia juani."

Alikiangalia kisima kilichokuwa pembeni ya ua.

"Mume wangu ndiye aliyekuwa anaosha hivyo. Saa sita, jua la utosi, halafu anaingia ndani kula. Nikimwambia akaushe, ananijibu, 'Kwani gari ni mtoto mchanga?'" Alicheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Fundi, tumeshamzika, na bado nasikia maji yakimwagika. Nikipata moyo wa kutoka, sikuti mtu. Gari tu, limelowa. Kesho mnunuzi anakuja. Liondoke, nami nipate usingizi."

"Nani mwingine yuko hapa?"

"Mama mkwe tu. Naye tangu msiba hatoki chumbani."

Nilirudi kwenye boneti. Karibu na kioo cha mbele, katikati ya madoa, palikuwa na sehemu safi yenye umbo la kiganja, vidole vimetanuka. Nilidhani ni mtu alikuwa ameegemea.

Jua lilipofika kwenye boneti niliacha kazi, nikaenda kukaa kivulini nyuma ya nyumba. Ndipo nikasikia maji. Nilichungulia.

Bibi mdogo wa umbo, kanga begani, alikuwa anachota kwa kopo kutoka kwenye ndoo na kulimwagia gari polepole.

"Haya, baba, na huku," alikuwa akinong'ona, kama anayemwogesha mtoto. "Tulia."

Nilisubiri kopo liishe maji.

"Shikamoo, mama."

Alishtuka. "Marahaba. Usimwambie mkwe wangu, mwanangu. Atasema nimerukwa na akili."

"Anadhani ni marehemu."

Aliliweka kopo chini. "Basi mwache adhani. Angalau mmoja wetu amsikie."

"Anaogopa, mama. Hii sauti ndiyo inayomfanya auze gari. Kesho linaondoka."

Uso wake ulinywea. Hakuwa ameambiwa. Kabla hajajibu, mlango ulifunguka na mjane akasimama pale, ameshika ufagio kama rungu.

"Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi. Nisamehe. Saa sita ikifika nashindwa kukaa."

Ufagio ulianguka. Mjane alikaa pale pale kwenye ngazi, akacheka mpaka akalia. "Mimi nakesha, kumbe mzimu wangu nampikia uji!"

"Na uji wenyewe hauna sukari," alisema bibi, akaenda kukaa karibu naye.

Nilichukua kitambaa kikavu nianze kukausha kabla madoa hayajashika. Nilipofika kwenye boneti mkono ulikataa. Maji yalikuwa yametapakaa kote, isipokuwa karibu na kioo. Kiganja kilekile, kikavu.

"Mama," niliita, "hapa uliegemea?"

Alikuja akanyoosha mkono. Vidole vyake viliishia mbali kabisa na pale. "Mimi sifiki."

Mjane naye alisogea. Alitandaza kiganja chake juu ya kile kikavu, chake kikamezwa chote, pembeni pakabaki nafasi.

"Alikuwa anaegemea hapa," alisema taratibu, "akifuta kioo."

Mafuta ya mkono hukaa kwenye rangi, na maji huyakimbia. Hilo nalijua. Lakini juzi boneti hiyo niliiosha yote kwa sabuni, kwa mikono yangu.

Kisha mjane alitoa simu, akamwambia mnunuzi kwamba kesho asije, gari bado halijawa tayari. Bibi alimshika mkono.

Nilikausha milango, nikakausha buti. Kwenye boneti nilizunguka kile kiganja bila kukigusa, na matone ya karibu yake nikayaacha.

"Bati lina moto," niliwaambia. "Nitarudi kesho asubuhi, likipoa."