Mzunguko wa Nne

Chamima alikwenda kwenye okestra amevaa kanga mpya na amenuna. Aliyemburuta ni Olívia, jirani yake wa Kimakonde, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Wewe ndiye uliyekuwa na kibanda cha gemu kule Mocímboa, mimi hata simu inanishinda. Leo watu sitini wanakuja hapa Palma kupiga muziki wa gemu kwa fidla na matarumbeta, bure kabisa, halafu unataka kubaki unachambua mchele? Hebu twende!"

Chamima hakumwambia kwamba tangu Jumatatu halali vizuri. Siku hiyo gari la matangazo lilipita mtaani likipiga kipande cha muziki wa mtoni, ule wa gemu ya kibandani kwake, na yeye akaunguza mikate yote iliyokuwa jikoni. Alijiambia hivi: kama Rizuane yu hai, na kipande kile kikamfikia popote alipo, atakuja. Basi. Hilo tu ndilo lililomvalisha kanga mpya.

Rizuane alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, na Chamima ndiye aliyemlea tangu hajaota meno. Sasa sikilizeni mambo ya kibanda kile, na msinicheke. Kilikuwa cha mabati, na ndani mna televisheni moja, mashine moja ya gemu, kigoda kimoja, na watoto wa mtaa mzima wamejazana mlangoni. Gemu waliyoipenda ilikuwa ya mtu mwenye taa anayevuka mto, na hakuna aliyewahi kuuvuka. Saa ya ukutani waliibishia mpaka ikakosa heshima, kwa hiyo Chamima akaweka sheria yake: muziki wa mtoni ukizunguka mara nne, zamu yako imekwisha. Hapo alipiga makofi mawili, pa! pa!, na aliyeketi akainuka akampisha mwenziwe. Walizoea hata wengine, kama Bacar wa jirani mwenye masikio makubwa, wakawa wanainuka macho yangali kwenye televisheni.

Mkaidi alikuwa mmoja tu, na alikuwa wa nyumbani. Rizuane hainuki ng'o! Shingo hageuzi. Ananyanyua kidole kimoja juu, maana yake moja tu, mama mdogo, moja tu. Kila siku alipigwa konzi, na kila siku kidole kilikuwa palepale.

Kisha vikaja vita. Siku ya kukimbia walikuwa wameshashika njia ya Awasse na majirani, Chamima akaikumbuka mashine. Mashine, jamani! "Nenda na kina Bacar, nakuja sasa hivi," akamwambia Rizuane, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akarudi mbio. Aliipata. Alipotoka nayo kifuani njia ilikuwa imefungwa, watu wakamsukuma hadi pwani, akajikuta ndani ya boti. Miaka sita ilipita. Aliuliza Mueda, aliuliza Pemba, aliuliza kila aliyeshuka garini na mzigo kichwani. Mashine ilikaa chini ya kitanda na hakuiwasha hata mara moja. Aliichukia, na alijichukia mwenyewe zaidi.

Ukumbi ulijaa mara tu baada ya sala ya alasiri. Vijana walikuwa wengi, wa Palma, wa Namoto, hata wa ng'ambo ya Ruvuma, na Chamima aliwatazama mmoja mmoja mpaka macho yakamuuma. Utamjuaje mtoto uliyemwacha hana hata unywele kidevuni? Pua zote zilikuwa pua tu.

"Tulia basi! Unakagua watu kama polisi wa mpakani," Olívia akamwambia.

Zikaanza filimbi, polepole, halafu fidla zikaingia chini yake kama maji yanavyopanda mikokoni. Ndio wenyewe, muziki wa mtoni. Televisheni yake ndogo ilikuwa ikiutoa kama nyuki ndani ya kopo, kumbe wenyewe ulikuwa mpana namna hii, wenye kina cha mtu kuogelea. Chamima aliona sakafu ya ukumbi imelowa. Alimwona yule mtu wa taa akipita katikati ya viti, amepandisha suruali magotini, mwanga wake ukigusa goti la huyu na shavu la yule. Harufu ya bati lililopigwa na jua ikamjia, na jasho la watoto, na kicheko cha mtu aliyeanguka majini kwa mara ya ishirini. Hakushtuka. Ilikuwa raha aliyoisahau, akaiacha imchukue. Muziki ukazunguka mara ya pili, ukazunguka mara ya tatu. Mtu wa taa alikuwa amefika katikati ya mto na maji yalikuwa yamemfika kiunoni.

Mzunguko wa nne ulipokwisha, mikono yake haikumwomba ruhusa.

Pa! Pa!

Watu wakageuka. Mpiga ngoma akakosa pigo moja. "Ai, Nossa Senhora, umeniaibisha!" Olívia akafunika uso kwa mikono.

Lakini karibu na mlango kijana mmoja alikuwa ameinuka. Akainuka mwingine safu ya tatu, na wengine wawili ukutani. Walisimama kando ya viti vyao wakishangaana, kama waliokuwa wakimpisha mtu. Wa karibu na mlango alikuwa na masikio makubwa ambayo Chamima angeyajua hata gizani. Bacar!

Aliwatazama wote wanne, akarudia tena. Rizuane hayumo. Basi Bacar amefika, lakini Rizuane hakufika. Akashika kiti ili aketi.

Hapo ndipo alipokiona. Safu ya mbele kabisa, juu ya mabega mapana ya mtu aliyekaa bila kugeuza shingo, kidole kimoja kilikuwa kimenyanyuliwa.

Chamima alipita katikati ya viti akikanyaga watu miguu na asimwombe mtu radhi. Alipofika akampiga konzi, konzi la miaka sita, kisha akakishika kichwa kile kwa mikono yote miwili.

"Moja tu, mama mdogo," ilisema sauti nzito asiyoijua. "Moja tu."

Fidla zilikuwa zimeanza tena kutoka mwanzo. Chamima akaketi sakafuni na kanga yake mpya, kando ya kiti cha Rizuane.

"Haya, moja," akasema. "Nakaa hapahapa."