Mama wa Kijana X

Mama Maduhu alikuwa anapukuchua mahindi nilipofika kwake Tinde, na binti yake Limi anayapepeta. Niliwaamkia, nikapewa kigoda, nikakikalia ukingoni.

"Kaa vizuri, mwanangu. Hapa hatung'ati."

Nilikuwa nimetoka Kahama, kwenye redio ninakosoma habari. Waandishi wa kanda yetu tulikuwa tumeitwa kwenye shindano la insha kuhusu maadili ya kazi, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho kuzipokea. Insha yangu ilimhusu mwanawe. Sikutaka kuituma kabla hajaisikia.

Kabla ya mavuno, duara, yaani shimo la wachimbaji dhahabu, lilititia machimboni, upande wa Runzewe, likafukia vijana. Nilisoma habari ile redioni bila kutaja majina, kwani maadili hayaturuhusu kumtaja marehemu kabla ndugu zake hawajaambiwa. Tukasubiri waambiwe. Kumbe mmoja wao, Maduhu, kule alijulikana kwa jina la Katapila tu, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Wenzake wakamzika, wakaandika Katapila kwenye msalaba wa mbao.

Mama yake aliisikia habari ile. Aliacha kusonga ugali, akasema, "Poleni, wazazi wenzangu," kisha akaendelea kusonga. Alikuja kujua baada ya mavuno, wakati Athanas, aliyekuwa akichimba na mwanawe, alipokuta kadi ya ubatizo ndani ya begi la marehemu, akalileta nyumbani.

Nilianza kuwasomea. Limi akaninyang'anya karatasi.

"Dada Ritha, redioni unanguruma, hapa unanong'ona! Lete." Akasoma, "Kijana X alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya wakulima..."

"Nani huyo?" mama yake akauliza.

"Si ni kaka, mama."

"Kaka yako anaitwa Eksi?"

Nikaeleza kwamba tunaficha majina ya waliofikwa na msiba ili kuwalinda.

"Kumlinda na nini tena?"

Niliitazama karatasi mikononi mwa Limi.

"Na mimi nimo humo?"

Limi akatafuta kwa kidole. "Umo. 'Mama wa Kijana X.'" Alijikaza, ikamshinda, akaangua kicheko. "Shikamoo, Mama Eksi!"

"Marahaba, mjinga wewe." Mama Maduhu naye alicheka, ila kicheko kikamkatikia katikati, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Toka nimzae sijaitwa jina langu," alisema. "Baba yao, majirani, kanisani, wote Mama Maduhu. Machimboni wakamwita Katapila. Kaburini Katapila. Na wewe msomi wangu unamwita Eksi. Ukilificha jina lake, mimi utaniitaje?"

"Unataka niandike Maduhu?"

"Maduhu. Na la baba yake uliweke."

Nilisogea nyuma ya nyumba nikampigia Donatus, aliyekuwa akipokea insha.

"Masharti unayajua, Ritha," alisema. "Jina la marehemu likiwemo, insha inaondolewa. Rasimu yako niliiona, ni nzuri. Usiiharibu, dada yangu."

"Mama yake mwenyewe ndiye ameomba."

"Nakuamini. Lakini nikikuruhusu wewe, mwingine naye atasema aliombwa, kumbe mama wa watu hata hakuulizwa."

Sikumlaumu. Ningekuwa kwenye kiti chake ningesema hivyohivyo. Simu ilipokatika niliifikiria insha niliyoiandika na kuifuta tangu mvua za kwanza, na jinsi nilivyotamani watu waisome. Kisha nikarudi nikamweleza Mama Maduhu kila kitu: jina likiwemo, insha itatupwa.

"Wataitupa bila kuisoma?"

"Donatus ataisoma kwanza. Akishaona jina ndipo ataiondoa."

"Yeye peke yake?"

"Peke yake, mama."

Alirudi kupukuchua. Punje ziliisha kwenye gunzi lakini vidole vyake viliendelea kulisugua.

"Basi mwandikie huyo mmoja," alisema.

Nikafungua insha kwenye simu. Kila palipokuwa na Kijana X nikaandika Maduhu Maganga. Palipokuwa na mama wa Kijana X nikaandika Mama Maduhu. Limi alichungulia begani kwangu, hacheki tena. Nikaituma.

Walinizuia nisiondoke kabla ya kula, na tulikuwa tunanawa mikono Donatus alipojibu. Nilijifuta mkono nikasoma.

"Wanasemaje?" Mama Maduhu akauliza.

"Imeondolewa."

"Hakuna kingine?"

Nikamsomea kama kilivyoandikwa: "Nimeisoma yote. Nasikitika imebidi niiondoe. Mpe pole Mama Maduhu, mwambie Mungu amlaze pema mwanawe Maduhu."

Aliniomba nirudie. Niliporudia hakunisubiri nimalize. Alikaa chini palepale, maji yakimchuruzika mikononi, akalia kwa sauti akimwita mwanawe, mpaka jirani wa kwanza akaingia uani akiuliza ni nani amefariki, na Limi akamwambia ni Maduhu.