Koti la Mjomba na Nusu ya Baba

Mwaka 2007, mwezi wa tano, Shaibu wa Matambarale alikuwa amebakiza miezi saba ya kuishi, na mtani wake Tadeo alikuwa akiihesabu kwa sauti.

"Saba, mtani," alisema Tadeo, akiingia uani bila hodi kama kila Ijumaa. "Hebu nilijaribu tena."

Shaibu akamtolea koti. Lilikuwa la sufu, zito kama gunia la ufuta lililonyeshewa, na kwa joto la Ruangwa kulivaa ilikuwa kazi ya kutwa. Kwao mali haitoki kwa baba, inatoka kwa mjomba, na koti hilo lilikuwa limetembea kwa wajomba watatu kabla ya kumfikia yeye. Wa kwanza alianguka akicheka. Wa pili alianguka akimfunga mbuzi. Wa tatu, Mjomba Nuhu, alianguka akibishana habari za mbuzi huyohuyo. Wote walishika kifua, wote walikuwa na miaka sitini. Mbuzi hakupatwa na lolote. Aliishi hadi ndevu zake zikawa zinafagia uwanja kila anapopita, na mwenye nyumba akaacha kununua mafagio.

Na desturi ni desturi: mtu akifa, mtani wake huja msibani kumwigiza marehemu, kuwachekesha wanaolia, kisha huondoka na nguo moja aipendayo.

"Mikono mirefu kidogo," alisema Tadeo akijitazama. "Lakini nitapunguza. Wewe usijali, we kufa tu."

Shaibu alicheka kama desturi inavyotaka. Ila usiku huo hakulala, wala uliofuata. Mwezi Desemba angetimiza miaka sitini.

Ndipo ikasikika kwamba Mnero, upande wa Nachingwea, amefika daktari mtafiti, Winfrida kwa jina, anayetafuta koo ambazo watu wake hufa kwa moyo mapema. Shaibu akajaza ndugu kumi na mmoja kwenye lori la korosho, mbele kabisa akakaa dada yake mkubwa wa mama mmoja, baba tofauti, Biasha, msemaji wa ukoo, ambaye akikohoa tu mvua husubiri amalize.

"Shikamooni wazee wangu," alisema daktari. Alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Akawatoa damu, akaandika majina, halafu akawaeleza anachotafuta.

"Kila mtu amebeba ndani yake maandishi ya mwili. Tunayaita jeni. Baadhi yake yanaamrisha jeshi la mwili. Ukijikata, askari wanakuja, panavimba, panakuwa moto, wanaua vijidudu, kidonda kinapona, askari wanarudi nyumbani. Sasa kuna watu ambao jeni hizo zina herufi moja tofauti na za wenzao. Askari wao wakiitwa wanakuja wengi mno, na kurudi hawarudi."

"Kama mgambo wetu," alisema Shaibu. "Mwaka ule aliibwa kuku mmoja. Wakaja mgambo thelathini, wakala kuku ishirini wakimtafuta mwizi."

"Hivyo hivyo, mzee. Wakikaa miaka ndani ya mishipa ya moyo, kuta zinachubuka, mafuta yanajishika pale, njia inaziba. Ndiyo maana hatari inaweza kupanda kwa watu wa ukoo mmoja." Akageuza ukurasa. "Huu upande wa mama nimeuona. Wa upande wa baba wa mzee Shaibu wako wapi?"

Ukoo mzima ukaangua kicheko.

"Baba yake alikuja kuoa tu," alisema Biasha akijifuta machozi. "Mama alipofariki akarudi kwao Nachingwea. Hahesabiwi."

"Lazima ahesabiwe, mama. Kila jeni ina nakala mbili. Moja ya mama, moja ya baba."

Kicheko kikakatika kama kamba.

"Nusu?" Biasha alisimama. "Saadi ana nusu? Mtu aliyekuja kwetu na mkeka na kikohozi? Mtoto huyu tumempa jina sisi, shamba tumempa sisi, koti tumempa sisi, leo nusu nzima apewe Saadi?"

Wakapiga kura palepale. Tisa wakaikataa nusu ya Saadi, wawili walikuwa wamesinzia.

"Jeni hazipigiwi kura," alisema daktari kwa upole, akamfunga Shaibu kipimo cha presha mkononi. Akakunja uso. Akamwambia afungue mdomo, akakunja zaidi. "Haya meno manne yameoza hadi fizi. Yanawaita mgambo kutwa kucha. Na tumbaku unavuta?"

"Kiko tu. Cha Mjomba Nuhu."

"Nacho umerithi?"

"Kilikuwa kwenye mfuko wa koti."

Daktari akavua miwani. Shaibu akainama, akauliza lile alilolijia, taratibu, ndugu wasisikie: "Binti yangu, nitafika mwakani?"

"Siku siwezi kukwambia, mzee. Hata nikiisoma damu yako yote, itaniambia tu kama nyasi za kwako ni kavu kuliko za jirani. Kiberiti ni tumbaku, presha, chumvi, pengine na hayo meno. Vidonge hivi unywe kila siku. Kisha nenda kwa baba, uniulizie habari za moyo wake, na miaka ya kila mtu."

Shaibu alikuwa hajamwona baba yake kwa miaka tisa. Alimkuta Nachingwea mjini, uani kwake, akipasua kuni, mzee wa themanini na zaidi, na kila aliposhusha shoka mabati ya jirani yalikuwa yakirusha misumari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuazima shoka?"

"Nimekuja kuulizia moyo wako."

"Upo. Unapiga kelele mpaka jirani amehamisha kitanda." Saadi akakaa juu ya gogo. "Una nini? Umekonda."

Shaibu akamweleza yote: wajomba, koti, Tadeo, Desemba, sitini. Alipofika kwenye sitini mzee akaanza kucheka, akacheka hadi shoka likamdondoka.

"Sitini nani kakwambia?"

"Cheti changu cha shule."

"Hicho alikiandikisha Nuhu! Ulikuwa mkubwa, sauti inataka kuvunjika, mwalimu anakataa wakubwa. Nuhu akakupunguza miaka minne. Wewe, matrekta ya wazungu waliokuja kulima karanga yalipofika huku ulikuwa unayakimbilia nyuma bila kaptula, unayatupia mawe. Kwa cheti chako hicho ulikuwa hata hujazaliwa."

"Ina maana..."

"Una sitini na tatu, unaingia ya nne. Mwaka wako wa kufa umepita. Ulikuwa wapi?"

Shaibu akafikiri. Mwaka ule alikuwa anaezeka choo.

"Baba, mbona hukusema siku zote?"

Saadi akaokota shoka, akafuta makali yake kwa kiganja. "Nani aliniuliza?"

Shaibu akamsogelea. Akachukua shoka, akapasua kuni zilizobaki zote, polepole, kama mtu mwenye presha.

Meno manne yakang'olewa, pengo likabaki la kupitisha lori na tela lake. Kiko akakitupa kwenye choo kilekile alichokiezeka. Vidonge akawa anameza kila asubuhi, kwa kuwa nyasi zake, daktari alisema, huenda bado ni kavu.

Desemba ikafika. Tadeo akaja na mkeka na watani sita wa kusaidia kulia. Akakuta uani amekaa Mzee Saadi, aliyefika kwa basi, na Biasha, baada ya kununa nusu saa, amemsogezea kigoda. Nusu yake tu, alisisitiza. Nusu ya pili ikae hewani.

Tadeo aliposikia habari ya cheti alishika kiuno. "Miaka minne! Umekaa na koti langu miaka minne!"

"Leo unalipata, mtani." Shaibu akatoa koti, akatoa mkasi, akalichana mgongo kutoka ukosi hadi chini. Nusu moja akampa Tadeo. Nusu ya pili akamvika baba yake, na mkono wake ukachelewa kidogo begani mwa mzee.

Tadeo akaigeuza nusu yake huku na huku. "Mbona yangu ina vifungo, ya mzee ina matundu? Tutafungaje?"

"Mtakaa karibu," alisema Shaibu. "Na wewe sogea, baba, ukae hapa kwangu."

Biasha akakohoa. Watani sita, kwa kuwa walikuja kulia, wakalia.