Nyayo za Mama Régina

Jumanne saa mbili asubuhi Régina alikuwa anapalilia mpunga wake karibu na Lusangi, Héritier wa pikipiki akaja kumwita. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Sonia, binti yake Régina, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana, na muuguzi wa kijiji alisema ni kupasuliwa, na wa kupasua wako Kasongo.

Katikati ya njia ya Kasongo kuna mulima wa udongo mwekundu. Ukilowa, matairi yanateleza pale kama ndizi ndani ya mawese, na malori yanalala juma zima. Régina peke yake hatelezi. Nyayo zake zinashika. Sapato zinamwishia kwa hatua tatu, kwa hiyo anatembea miguu mitupu, na akivuka kijito maji yanarundikana nyuma ya visigino vyake mpaka amalize. Kwenye arusi ya Sonia alicheza mabega tu. Mwalimu Jean-Paul alieleza kwamba hiyo inaitwa msuguano. Watu wakamshukuru, wakaendelea kumwita Régina kila gari lilipokwama.

Régina alifika polepole chini ya mulima, maana ardhi haimwachilii upesi; Sonia alikuwa tayari nyuma ya pikipiki.

"Mama, mimi nilizoea kuanguka peke yangu," Héritier alisema. "Si na muke ya mutu nyuma."

"Leo hauanguke. Gurudumu ipite fasi nakanyaga. Ukienda pembeni, ni shauri yako na Mungu."

"Mama, tembea mbio," Sonia akasema, ameng'ata kitenge.

"Mbio sijui, mutoto wangu. Kukamata njo najua."

Walipanda vizuri. Ndani ya kila unyayo wa Régina tairi lilishika kama liko kwenye saruji. Kubaya ni kushuka. Hapo Régina alibaki kwa miguu nyuma ya pikipiki, akajifunga kiunoni kamba ya kupandia michikichi, ncha ya pili kwenye pikipiki. Katikati ya mteremko pikipiki ikachomoka. Régina akasimama. Pikipiki ikasimama, maji yaliyokuwa yanashuka yakasimama, na mvua yenyewe ikachelewa hewani, matone yakija moja moja kama watu wanaotoka misa. Aliacha ngozi ya kisigino pale, akaendelea.

Kasongo walimpasua Sonia saa kumi. Akapona, na mutoto pia, msichana. Daktari alivuta mara nne, maana nyayo za mutoto zilikuwa zimeshika tumbo la mama yake. Wakamwita Arlette.

Mwezi uliofuata akaja mulimani bwana wa ofisi ya barabara, na buti na daftari. Aliteleza mara mbili, Régina akamdaka. Alipima visigino vyake, akavipenda. Akamvua soksi Arlette, aliyekuwa mgongoni mwa Sonia, akagusisha unyayo wake kwenye udongo wa mulima. Ukashika, na kumbandua ikawa kazi.

Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaandika kwamba barabara inapitika, na kwamba itapitika tena miaka sitini bila kutengenezwa.

Alifunga daftari, akamwomba Régina amshushe mulima.