Kwa Usalama wa Damu Yako

Mshipa wa kwanza ulikwepa sindano, wa pili ukapasuka chini ya ngozi, na Arlene Stiltner akajikuta anamwomba shemeji yake radhi kwa mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Toboa tu," Delbert alisema. "Si umeshanigeuza chekecheke."

"Kunja ngumi. Na usiongee."

"Nikinyamaza mtadhani nimekufa, muanze kugawana bunduki zangu."

Alicheka mwenyewe, kikohozi kikamkatisha. Mkono aliokuwa ameushika Arlene ulikuwa wa mtu aliyechimba makaa miaka kumi na tisa, na mgodi ulipofungwa akaendesha basi la shule miaka mingine kumi. Sasa ngozi ilikuwa imelegea juu ya mfupa, na madoa ya zambarau yametapakaa mpaka kwenye kiwiko. Mshipa wa tatu ulikubali. Damu ikaingia kwenye kichupa polepole, nyepesi kuliko inavyotakiwa kuwa.

Hii ilikuwa mara ya tatu tangu Aprili. Damu ya kwanza ililala siku nne za Pasaka kwenye ghala la kampuni ya vifurushi, ikafika maabara ya mjini imeharibika. Ya pili ilirudishwa kwa sababu fomu ilikosa saini moja. Sasa Juni ilikuwa inaisha, na Delbert, aliyekuwa akipanda ngazi za hospitali mbili mbili, alikuwa ameshushwa huku chini maabara kwa kiti cha magurudumu.

Alikuwa na saratani ya damu. Miaka minne aliishi nayo kwa kidonge kimoja kila asubuhi, na wengi hapo bondeni hawakujua hata kama anaumwa. Februari kidonge kikaacha kufanya kazi. Ugonjwa ulikuwa umejibadilisha, ukapata njia ya kukipita. Dawa nyingine zilikuwepo, nne, na Daktari Abernathy alihitaji kipimo kimoja tu cha vinasaba ili ajue ipi itamfaa. Bila karatasi ya kipimo hicho, watu wa bima hawangetoa hata punje. Na mashine ya kukifanya ilikuwa hapo hapo, hatua nane kutoka kwenye kiti cha Delbert, nzima, safi, imezungushiwa utepe mwekundu wa serikali tangu mwaka mpya.

Delbert aliutazama ule utepe. "Bado wanaogopa tu?"

"Bado."

"Mimi hapo ndipo ninapoachwa njiani. Hao Wachina wakiipata damu yangu watajua nini? Kwamba nimekula sana nyama ya kulungu? Kwamba naumwa? Wangeniuliza ningewaambia bure."

Arlene alibandika pamba, akaikandamiza kwa kidole gumba. Sheria ilikuwa imetoka Washington, na ilisema hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali isinunue wala kutumia mashine au kemikali za kampuni za kigeni zilizo kwenye orodha fulani, maana kampuni hizo ni za nchi hasimu na zinaweza kuchukua siri za miili ya raia. Arlene hakubisha kwamba zipo serikali zinazoiba. Alichoshindwa kukimeza ni kwamba mashine hii haikuwahi kuunganishwa na mtandao wowote. Ilikaa kwenye chumba cha chini cha hospitali ndogo katikati ya milima ya West Virginia, mahali ambapo hata simu ya mkononi haikushika mpaka utoke uende ukasimame kwenye maegesho.

Isitoshe, serikali haikuwa imeinunua. Walioinunua ni watu wa kaunti wenyewe, kwa kuuza chapati za maji zenye asali kwenye kituo cha zimamoto Jumamosi baada ya Jumamosi, na kwa kuchezesha bahati nasibu ya bunduki ya kuwindia. Delbert alisimama kwenye jiko la zimamoto misimu miwili mizima ya baridi, akigeuza chapati amevaa aproni ya mkewe. Barua iliyoleta utepe iliahidi kwamba mashine mbadala ingefuata. Barua ya pili haikuja, na kila Arlene alipouliza alipigwa kalenda.

Alijaza vichupa viwili. Kimoja alikipakia kwenye boksi lenye barafu kwa safari ya mjini. Cha pili alikiweka kwenye friji, kama maabara zote zinavyofanya, iwapo cha kwanza kitapotea.

Alikitazama kila alipofungua friji, siku tatu.

Siku ya nne alipanda ghorofani kwa Daktari Abernathy na kumwambia anachofikiria. Daktari alikuwa mzee wa kustaafu ambaye hakustaafu kwa kuwa hakupatikana wa kumrithi. Alimsikiliza huku akisafisha miwani.

"Niletee karatasi," alisema mwishowe. "Nitaisaini. Sitauliza imetoka wapi."

Jumamosi asubuhi Arlene aliubandua utepe taratibu, upande mmoja tu, ili uweze kurudi. Kemikali zilikuwepo kwenye jokofu zikingoja kuteketezwa. Zilibakiza siku kumi na moja kabla ya kuisha muda. Mashine ilinguruma kidogo, ikatulia, ikaanza kazi kana kwamba iliachwa jana. Jumapili, wakati watu wanatoka kanisani na magari yanapita barabarani juu ya dirisha lake, alisoma jibu. Akalisoma tena. Akapima upya kutoka mwanzo, kwa sababu alikuwa anataka mno liwe hivyo, na mtu anayetaka mno hafai kujiamini.

Ilikuwa wazi. Dawa tatu kati ya zile nne zingekuwa kwa Delbert sawa na maji. Ya nne ingefanya kazi.

Arlene aliketi kwenye kigoda akalia kidogo, akapenga kamasi, akavaa glavu mpya.

Fomu ya majibu ilikuwa na mstari wa nambari ya mashine. Hilo alikuwa amelipanga. Stoo kulikuwa na mashine ya zamani, ya hapa hapa nchini, mbovu, lakini bado imo kwenye orodha ya vifaa. Angeandika nambari ya hiyo. Njia nzima ya kuja kazini alikuwa akiirudia nambari ile ya uongo kwa sauti, ndani ya gari, mpaka ikakaa kichwani. Lakini Arlene alikuwa amefanya kazi ya maabara miaka ishirini na sita. Alikuwa amefundisha vijana kumi na mmoja kwamba jibu lisilo na nambari ya mashine ni umbea, na kwamba nambari huandikwa ukiwa umesimama mbele ya mashine yenyewe, ukiitazama kwenye kibati chake. Basi alisimama mbele ya mashine, akatazama kibati, akaandika. Mkono ulifanya ulichozoea kufanya. Yeye mawazo yake yalikuwa kwa dada yake Nadine, mke wa Delbert, namna atakavyompa habari.

Daktari alisaini bila kusoma, kama alivyoahidi, na karatasi ikaenda kwa watu wa bima.

Jumatano aliitwa na mkurugenzi. Bwana Haines alikuwa na miaka thelathini na minne, ametoka mjini, mpole wa sauti. Alimvutia kiti.

"Bi Arlene, hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Na nambari hii?"

Alitazama. Ndipo alipoiona, nambari ya kweli, tarakimu kumi na mbili kwa mwandiko wake mzuri, bila hata mkwaruzo. Alijichukia pale pale, mbele ya yule kijana, kuliko alivyowahi kumchukia mtu yeyote.

"Jibu ni sahihi," alisema. "Nimelipima mara mbili."

"Sijasema si sahihi. Nimesema halipo. Tumeshaliondoa kwenye faili lake."

"Unaondoaje kwenye faili kitu kilichomo kwenye damu ya mtu?"

"Tusifanye hivyo, tafadhali." Haines aligeuza kalamu mezani. "Unajua tukikatiwa fedha za serikali nini kinafuata. Wodi ya wazazi inafungwa. Nyingine iliyo karibu ni saa mbili kwa gari. Unataka kina mama wajifungulie barabarani kwa ajili ya shemeji yako?"

"Nataka shemeji yangu apewe dawa ambayo ipo."

"Sikuandika mimi hiyo sheria."

"Najua. Hakuna aliyeiandika. Kila ninayemuuliza siye." Arlene alivuta pumzi. "Haya. Damu yake iko mjini wiki ya pili sasa. Waambie waiharakishe, basi. Mimi nifukuze."

Haines aliiweka kalamu chini. "Imesimamishwa," alisema. "Mgonjwa aliye kwenye uchunguzi hapimwi kwingine mpaka uchunguzi uishe."

"Uchunguzi wangu mimi."

"Wa tukio. Yeye ni sehemu ya tukio."

"Muda gani?"

"Siku tisini. Pengine pungufu."

Arlene alimtazama. Alikuwa amemtoboa Delbert mara tatu, akamwomba radhi mara tatu, na sasa ni yeye aliyemfungia mlango wa mwisho. "Na huko mjini," aliuliza, "wanapimia mashine gani?"

"Wao wana mkataba wa zamani. Sheria inawaruhusu mpaka mkataba uishe."

"Nimekuuliza mashine gani."

"Unaijua."

"Ni hii hii."

"Ni hii hii, Bi Arlene. Wao wana mawakili."

Aliacha kitambulisho mezani, na funguo. Mtu wa ulinzi, aliyesoma na mwanawe shule moja, alimsindikiza mpaka kwenye gari akitazama viatu vyake njia nzima.

Wiki ya tatu ya Julai barua ilifika nyumbani kwa Delbert Ratliff, bahasha nene yenye nembo ya hospitali. Nadine alimpigia dada yake simu aje kabla hajaifungua. Alikuwa na hakika ni kibali cha dawa. Arlene aliendesha mbio, akijua si kibali, akitamani awe mjinga kidogo.

Delbert alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni, mpira wa hewa puani. Sahani ya maharage na mkate wa mahindi ilikuwa pajani, haijaguswa. Hakuwa mzito tena kuliko mtoto aliyekuwa akimpandisha kwenye basi.

Nadine alisoma akiwa amesimama. "'Ndugu Delbert Ratliff. Tunasikitika kukufahamisha kwamba taarifa za vinasaba vyako zilishughulikiwa kwa kifaa kisichoruhusiwa. Mhusika ameondolewa kazini. Usalama wa damu yako na siri za mwili wako ndiyo shughuli yetu ya kwanza. Kwa hiyo tunakupatia, bila malipo yoyote, ulinzi wa taarifa zako kwa miaka miwili...'"

"Rudia hapo pa miaka miwili," Delbert alisema.

Alirudia.

"Hao ndio wa kwanza kunipa miaka miwili. Abernathy alinipa mpaka Krismasi tu."

Nadine aliiweka barua juu ya meza, akaenda kusimama kwenye sinki akiwapa mgongo. Hakufungua maji. Arlene alitaka kusema nisamehe, lakini alikuwa ameshalisema neno hilo mara nyingi sana katika nyumba ile, na kila alipolisema Delbert ndiye aliyelazimika kumbembeleza.

"Inasemaje, nipokeeje?" Delbert aliuliza.

"Unapiga simu. Ndani ya siku thelathini." Arlene alisoma chini, palipoandikwa kwa herufi ndogo. "Lazima apige mgonjwa mwenyewe."

"Nipigie, shemeji."

"Del, mwache," Nadine alisema bila kugeuka. "Kejeli ya nini?"

"Si kejeli. Miaka yangu. Naitaka."

Arlene alichukua simu ya ukutani, akavuta waya mpaka kwenye kiti, akabonyeza nambari. Ikaita mara moja tu. Sauti ya mwanamke, iliyorekodiwa, ikamkaribisha Delbert, ikamshukuru kwa imani yake, ikamwomba ataje jina lake kamili ili itambue kwamba ni yeye.

"Delbert," alisema. Akavuta hewa. "Ray." Kifua kikapanda, kikashuka. "Rat..."

"Samahani," ilisema ile sauti. "Hatujakutambua. Tafadhali sema tena jina lako lote, bila kusimama."

Arlene akamsogezea simu karibu zaidi na mdomo, na Delbert akaanza upya.