Meza ya Katikati Pale Corella

"Usiwe na wasiwasi hata kidogo, dada yangu," alisema kijana wa upande wa pili wa simu, kwa furaha ya mtu aliyeokota jibu. "Sisi tuna menyu za nukta nundu."

Loretta Tregenza alifumba macho. Alikuwa ndani ya gari lake nyuma ya kliniki ya meno alikofanya kazi ya mapokezi, mkate wake wa mchana ungali umefungwa mapajani, na zilibaki dakika kumi na mbili arudi kazini.

"Hizo ni za wasioona," alisema taratibu. "Wazazi wangu ni viziwi. Kuona wanaona kuliko mimi na wewe. Ninachoomba ni meza mbili za duara na taa zinazowaka."

"Aaa, viziwi! Basi usijali, tutaongea nao kwa sauti ya juu."

Loretta alikata simu bila kuaga. Huo ulikuwa mgahawa wa saba ndani ya siku nne.

Wazazi wake, Clive na Noreen, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na zilibaki wiki tatu tu. Watu wa karamu walikuwa kumi na wanane. Ukimtoa Loretta, wote viziwi, na wengi wao walilala bweni moja tangu utotoni kwenye shule ya viziwi hapo hapo Adelaide. Loretta alikuwa na kaka, Grant, naye anasikia vizuri, ila alihamia Perth, upande wa pili wa nchi, na mchango wake tangu shughuli ianze ulikuwa picha ya dole gumba kwenye simu.

Ungedhani meza ni meza. Lakini kiziwi husikia kwa macho. Mkalishe kwenye meza ndefu, ataongea na aliye mbele yake na labda wa ubavuni. Wa mwisho kule ni kama yuko ng'ambo. Weka ua refu katikati, umekata maongezi. Fifisha taa, umewaziba wote midomo. Na migahawa ya mji ule, kila ilivyozidi kuwa na jina ndivyo ilivyozidi kupenda giza, kama popo.

Isitoshe, kundi la zaidi ya watu kumi liliwekewa nafasi kwa simu tu. Clive alikuwa amejaribu mwenyewe kwa ile huduma ambayo kiziwi anaandika na mtu wa katikati anamsomea mwenye mgahawa. Mara mbili walikata, wakidhani ni tapeli. Basi simu ikarudi mahali ilipokuwa tangu Loretta ana miaka sita: mkononi mwake.

Jumapili alikwenda kula kwa wazazi wake, kitongoji cha Prospect. Clive, mzee mrefu mwenye nyusi nzito, alikuwa jikoni anakata mwanakondoo wa kuoka. Noreen alikuwa ameshaegemeza simu yake kwenye chupa ya siki, anatazama video za marafiki, kila mmoja akitoa madai yake kwa mikono.

"Merv anasema anataka mahali ambapo nyama inaning'inia nje ya sahani," Clive alimwambia bintiye kwa lugha ya alama, kisu kikiwa bado mkononi, hata Loretta akarudi nyuma hatua moja. "Beryl hataki kukaa akitazama dirisha, macho yake siku hizi yanamsumbua. Na akina Hollis wanataka karibu na kituo cha tramu."

"Na mama anataka nini?"

Clive aliinua mabega. "Muulize yeye. Mimi nimeoa tu hapa."

Noreen aliizima simu. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. "Nataka Corella," alisema.

Corella ulikuwa mgahawa wa ghorofani katikati ya mji, wenye vitambaa vyeupe mezani na wahudumu wanaotembea kama wamo msibani. "Mama, huko ndiko kwenye giza kuliko kote. Nimeuliza saba. Nimechoka."

"Hujauliza Corella."

"Najua watakavyosema!"

"Unajua kwa sababu unawafundisha waseme." Mikono ya Noreen ilikwenda polepole sasa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nakuangalia unapopiga simu, mwanangu. Sauti siisikii, lakini mabega yako nayasoma. Unaomba msamaha kabla hujaomba meza."

"Mimi?"

"Wewe. Ulipokuwa na miaka tisa, mwenye nyumba alipiga simu, ukaniambia ametusalimia. Uso wako ulikuwa mwekundu kama nyanya. Salamu gani ile?"

Loretta alimtazama baba yake apate msaada. Clive alikuwa amezama kwenye nyama, akijifanya haoni, na kiziwi akiamua kutokuona hakuna mlango wa kubisha. Miaka thelathini na saba Loretta alikuwa amebeba peke yake siri ile ya matusi ya mwenye nyumba, kumbe alikuwa anabeba mzigo ulio wazi. Alikasirika. Alikasirikia migahawa, na mama yake, na Grant na dole gumba lake, na yeye mwenyewe. Alipomaliza kula aliweka mikono chini ya meza; katika nyumba ile, huko ndiko kununa.

Jumatano alimaliza kazi saa sita, akampitia mama yake, wakaenda Corella wenyewe. Noreen alivaa koti lake la kanisani.

Meneja, Bwana Prentice, alikuja na daftari kubwa na tabasamu. Alimsalimia Loretta, akamwelekea Loretta, na macho yake hayakumgusa Noreen ila mara moja, kama mtu anayekagua mzigo.

"Mama anasoma midomo?" aliuliza.

"Muulize mwenyewe."

"Nimuulizeje sasa?"

"Mtazame yeye useme. Nitafasiri mimi."

Bwana Prentice alicheka kidogo, kisha akaendelea kumtazama Loretta. Taa, alisema, zimepangwa kwa mtambo, na wateja wao wanakuja kwa ajili ya ule utulivu. Meza za duara zipo, ndiyo, ila zile ni za mbele, za watu wachache. Akasogea karibu na kushusha sauti, jambo lililomshangaza Loretta, maana alikuwa anamficha nani?

"Kusema kweli, dada, tuliwahi kupata kundi la namna hii. Hawajui sauti wanazotoa. Kucheka kule, na kupigapiga meza. Wateja wengine walikosa hamu ya kula. Kuna chumba huku nyuma, karibu na stoo. Huko watajisikia huru zaidi."

Noreen alimgusa bintiye kiwiko. "Anasemaje?"

Mikono ya Loretta iliinuka yenyewe, kama ilivyozoea. Anasema wamejaa, mama. Anasema anasikitika. Uongo ulikuwa tayari vidoleni. Alimwona mama yake akimtazama, si mikono, bali mabega.

Akaishusha mikono, akaanza upya. Akasema yote. Kundi la namna hii. Sauti. Hamu ya kula. Stoo. Hakupunguza kitu na hakutia sukari, na alipomaliza aliona uso wa mama yake umetulia kuliko alivyotarajia, kama mtu aliyepewa hatimaye barua yake ambayo ilikuwa inafunguliwa na wengine.

"Umemwambia nini?" Bwana Prentice aliuliza.

"Uliyosema."

Shingo ya meneja ilianza kuiva. Noreen alianza kuongea, na Loretta akawa anatoa sauti, neno kwa neno.

"Hapa palikuwa ukumbi wa sherehe kabla hamjaja. Dada yangu Valmai aliolewa hapa. Mimi niliwekwa nyuma ya nguzo ile." Noreen alinyoosha kidole. "Kuanzia supu mpaka keki, watu mia walicheka, na hakuna hata mmoja aliyeniambia wanacheka nini. Sikuja kuomba chumba cha stoo, stoo nimeshakaa. Nataka meza mbili, pale katikati. Sauti zetu mtazizoea. Sisi tumewazoea ninyi na hatuwasikii hata."

Bwana Prentice alifungua daftari, akalifunga. Alisema atamwuliza mwenye mgahawa.

Kesho yake alipiga simu. Walikubaliwa, ila siku ya Jumanne tu, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu, si dakika moja zaidi. Chakula ni kile walichopangiwa, na keki ya nje hairuhusiwi. Taa zitaachwa ziwake.

Loretta alitamani amwambie akalie meza zake. Badala yake aliendesha gari mpaka Prospect na kumweleza mama yake kila sharti, akingoja akatae.

"Katikati?" Noreen aliuliza.

"Katikati."

"Chukua."

"Mama, wanatuingiza mapema kama watoto wa kulazwa! Wanatutoa kabla watu wao hawajafika!"

"Nimesikia," alisema Noreen. "Chukua."

Jumanne ilinyesha. Ni Juni, majira ya baridi kule, giza lilishaingia walipopanda ngazi, na Beryl alishikwa mkono na watu wawili. Lakini taa zilikuwa zinawaka, na meza mbili za duara ziliwekwa katikati, zimekaribiana hata mtu wa hii aliweza kuongea na wa ile. Dakika tano hazikupita, mikono thelathini na kitu ilikuwa hewani. Watu wawili waliokaa kando, mume na mke, waliomba kuhamishwa.

Chakula kilikuja. Kilikuwa kipande cha samaki ukubwa wa kiberiti, juu yake jani. Merv, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, aliliinua jani kwa uma, akachungulia chini yake.

"Nyama imejificha," alitangaza. "Imeona tunakuja wengi."

Beryl alicheka ile sauti yake ya juu, meza ikapigwa kwa viganja, glasi zikaruka. Loretta alijikuta ameangalia chini kwa aibu, kisha akaionea aibu ile aibu. Alikuwa hajala. Kila mhudumu alimjia yeye: huyu anataka maji ya aina gani, yule amemaliza? Mara ya sita aliweka uma chini.

"Mguse begani umwulize. Onyesha chupa. Ana akili zake."

Mhudumu alijaribu kwa Merv, akajibiwa kwa dole gumba na busu la hewani, akaondoka anacheka. Lakini samaki wa Loretta alikuwa ameshapoa.

Saa moja na dakika ishirini na tano Noreen alisimama kusema yake. Walimtazama wote. "Watu wananiuliza siri," alianza. "Miaka hamsini na mtu mmoja. Nasema, sikilizeni, Clive..."

Taa zikafa. Si zote, lakini zikashuka mpaka ukawa mwanga ule wa popo, na mikono ya Noreen ikapotea kifuani mwake kama mtu aliyezibwa mdomo katikati ya neno.

Loretta alikuwa ameshafika kaunta. "Washa!"

"Zinashuka zenyewe," mhudumu alisema, anatia huruma. "Bwana Prentice ameshaondoka. Alisema mpaka saa moja na nusu."

"Bado haijafika saa moja na nusu!"

"Mi sijui zinawashwaje, dada. Kweli tena."

"Piga simu! Mtafute! Mama yangu anaongea pale, umemwona? Ungemzima mtu kipaza sauti akiwa anahutubia?" Sauti ya Loretta ilipanda, wateja wapya waliokuwa wanavua makoti mlangoni wakageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kelele kubwa kuliko zote mle ndani ilikuwa yake yeye anayesikia.

Clive alimpita. Alikuwa fundi wa mitambo ya uchapaji miaka arobaini na hakuona sababu ya kuuliza. Alifungua mlango mdogo ukutani karibu na kaunta, akavaa miwani, akatazama, kisha akapandisha swichi zote kwa mkono mmoja, kama anayepanga kadi. Mgahawa ukawa mchana. Taa za roshani ziliwaka, feni zikazunguka, muziki ukakatika. Watu walijikinga macho. Mikono ya viziwi ikapaa juu ikitikisika, ndiyo makofi yao, na Clive akainama kidogo, akarudi kuketi.

Noreen alianza upya toka mwanzo. "Nilikuwa nasema hivi. Clive anakoroma. Naambiwa na majirani, naambiwa na mwanangu. Eti nyumba inatetemeka. Miaka hamsini, mimi sijasikia hata mara moja. Basi siri ndiyo hiyo."

Loretta aliketi, akala samaki wa baridi, akacheka mpaka akapaliwa.

Waliondoka saa tatu kasoro, maana kuagana kwa viziwi hakuna saa. Wanaagana mezani, wanaagana mlangoni, wanaagana tena chini ya taa ya barabarani. Wengine walikatiza barabara kwenda kununua mikate ya nyama.

Alhamisi Bwana Prentice alipiga simu. Loretta alikuwa Prospect, anamsaidia mama yake kukunja shuka. Aliibana simu kati ya sikio na bega na kufasiri kadiri mtu yule alivyosema, mikono yake ikiwa wazi.

"Anasema tulizidisha muda. Anasema baba aligusa mitambo isiyo yake. Anasema wateja wamelalamika, na tusije tena kuomba nafasi kwao."

Noreen alimalizia kukunja shuka.

"Mwambie ni sawa," alisema. "Mwambie na sisi hatukushiba."

Loretta akamwambia.