Nyumba Iliyolikimbia Tangi

Libérata alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba ya wafanyakazi anachambua maharagwe lori lilipoleta tangi jeupe la amonia, gesi ya mbolea, na kulitua mbele ya dirisha la chumba anacholala binti yake. Ilikuwa Mei 2011, kwenye shamba la mahindi ughaibuni, kaskazini ya Richmond Hill. Mwenye shamba, Alnasir, mzaliwa wa Mwanza, alisimamia kazi mwenyewe, na kusema haki aliisimamia vizuri. Tangi lilikaa juu ya miguu ya zege. Akaleta glavu nene, miwani ya kuziba macho na pipa la maji safi, maana amonia ina kiu isiyo na aibu: ikitoroka hutafuta maji popote yalipo, machoni, kooni, mapafuni. Akawafundisha wafanyakazi kusimama upande upepo unakotoka, kukagua mpira wa kupitishia gesi kabla ya kufungua, na kutolijaza tangi pomoni, kwa kuwa jua likiwaka vitu vile hufura kama tumbo la mgeni wa harusi.

Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mahali. Likiwekwa msituni lori lingenasa kwenye tope, na likiwekwa kilimani, kwenye nyumba ya Alnasir, mkewe, Noorbanu, hakutaka kulitazama akinywa chai. Libérata alieleza kwa upole kwamba kifua cha bintiye Mélissa ni kibovu tangu azaliwe. Alnasir akasema tangi likishatuliwa halisogezwi.

Siku ya kwanza ya kujaza, valvu ilipiga chafya ndogo, na nyumba ya wafanyakazi ikainuka. Ilikusanya kingo za paa kama mama anayeokota khanga zake mvua ikianza, ikatembea kuelekea upepo unakotoka, ikaketi katikati ya mahindi machanga. Déo, binamu yake Libérata, alitoka bafuni na taulo akauliza nani ameona ndala yake ya kushoto. Mélissa alichungulia nje, akasema kwa Kiingereza kwamba sasa wanaona barabara.

Mchungaji wao alipanda mabasi kutoka mtaa wa Jane and Finch aje kuiombea. Nyumba ikamgeuzia upande wa choo. Aliomba hivyo hivyo, kwa ufupi.

Kilichomkosesha Libérata raha ni mahindi. Kwao Uvira, mbuzi wako akila shamba la mtu hubishani. Unabeba kuku, unaomba radhi, mnakula pamoja. Naye mwenye shamba, akishashiba, huziba pengo la ua wake. Libérata alitegemea sana huko kuziba pengo. Akanunua kuku wa halali dukani kule Malton, akamkaanga, akapanda naye kilimani.

"Bosi, utusamehe," alisema. "Nyumba yetu imekukanyagia mahindi."

Alnasir alimaliza paja kwanza. "Yenu?"

"Ndiyo, bosi. Si sisi tunaoishi nayo?"

"Umesema vizuri, Mama Mélissa. Basi ni yenu, na paa likivuja ni lenu. Mahindi nimesamehe."

Libérata alingoja nusu ya pili ya desturi. Alnasir akachukua bawa.

"Na tangi, bosi?"

"Tangi limekosa nini? Limetulia pale pale nilipoliweka. Nyumba ndiyo mtoro. Lakini kuku mtamu, mama. Umetia ndimu?"

Alikuwa ametia.

Pale nyumba ilipokuwa palibaki kiwanja kizuri, kikavu, lori linageuka bila shida. Alnasir akaweka tangi la pili, na pipa lake la maji safi, kila kitu sawasawa. Lilipojazwa, nyumba ikainuka tena. Kufikia Agosti ilikuwa imebanwa kwenye ua wa mpaka, ngazi zake zikining'inia juu ya barabara, na Déo akirudi kazini alikuwa anapandia dirishani.

Asubuhi moja Alnasir alipita na gari, akapunguza mwendo, akawapungia mkono kama mtu anayesalimu majirani wapya. Alisema ameagiza la tatu. Libérata akampungia pia. Kisha akaingia ndani kumvalisha Mélissa viatu, maana kule nyuma, kwenye matangi, walikuwa wameanza kuunganisha mpira wa kujazia.